Maneno ya fedha ya Kiingereza yanaeleweka ukijua yalikotoka

Kwa miaka mingi ndugu na marafiki wamekuwa wakiniletea karatasi za mikopo, bima na hisa niwasaidie kuzisoma kabla hawajatia sahihi. Wengi wao Kiingereza wanakijua vizuri. Wanasoma magazeti, wanaandika barua za kazini, lakini wakifika kwenye “equity” au “amortization” wanakwama. Kamusi nayo inaeleza neno gumu kwa neno jingine gumu. Mwisho wanatia sahihi kwa imani tu, wakitumai aliyeiandika karatasi hana nia mbaya nao. Jambo hilo linaniuma, na ndilo lililonifanya niandike.

Njia iliyonisaidia kuliko zote ni kuuliza neno limetoka wapi. Maneno mengi ya fedha katika Kiingereza yana asili ya Kilatini au Kifaransa cha zamani. Yamepita mikononi mwa mahakimu na wafanyabiashara, na ndani yake bado umo ugomvi ulioyazaa: nani anamdai nani, na siku ya kulipa ikifika itakuwaje. Ukiujua ugomvi huo, utajua neno linakutaka nini.

Anza na “mortgage”, kwa kuwa ndilo linaloshika nyumba ya mtu. Ni maneno mawili ya Kifaransa cha zamani: “mort”, yaani iliyokufa, na “gage”, yaani rehani. Kwa nini rehani ife? Maelezo yake yamo katika kitabu cha sheria alichokichapisha Edward Coke mwaka 1628, akifafanua maandishi ya Thomas Littleton, jaji wa Uingereza wa karne ya 15. Haijulikani kama mkopaji atalipa siku iliyowekwa. Asipolipa, ardhi imekufa kwake, haipati tena. Akilipa, rehani imekufa kwa mkopeshaji, hana tena cha kushikilia. Mtu niliyemweleza hivi huwa haendi kwanza kwenye kiasi cha mkopo. Huenda moja kwa moja kwenye kifungu cha “default”, kinachosema ni kosa gani litahesabiwa kuwa ni kushindwa kulipa, na baada ya muda gani. Hapo ndipo pa kuanzia kusoma.

“Equity” nayo ilizaliwa humohumo. Sheria ya zamani ya Uingereza ilikuwa kali mno: siku ikipita, ardhi imekwenda, hata kama deni lililobaki lilikuwa dogo kuliko thamani ya ardhi yenyewe. Wakopaji wakakimbilia mahakama ya Chancery, iliyojali uadilifu kuliko herufi za mkataba. Katika karne ya 17 mahakama hiyo ikaithibitisha haki ya mkopaji kuikomboa rehani yake hata baada ya siku kupita, mradi alipe anachodaiwa. Haki hiyo ikaitwa “equity of redemption”, kutokana na Kilatini “aequus”, yaani iliyo sawa. Leo mtu akisema ana equity katika nyumba, anataja thamani ya nyumba ukishatoa deni, ile sehemu ambayo mahakama iliona ni dhuluma kumnyang'anya. Kwangu mimi hili ndilo neno zuri kuliko yote katika karatasi hizi, kwa sababu lilipatikana kwa watu kupigania haki yao. Kama una mkopo wa nyumba, hesabu equity yako angalau mara moja kwa mwaka. Bei ya nyumba ikishuka chini ya deni, equity huwa hasi, na ni heri ulijue hilo mapema kuliko siku unapotaka kuuza.

“Amortization” ina mauti yaleyale ya “mort”: ni kuliua deni kidogo kidogo. Omba jedwali lake kabla ya kutia sahihi. Litakuonyesha kila malipo yanavyogawanyika kati ya riba na mtaji uliokopa. Katika mkopo wa miaka mingi wenye malipo sawa kila mwezi, miaka ya mwanzo sehemu kubwa huenda kwenye riba, na deni lenyewe hupungua polepole sana. Watu wengi hushtuka wakiliona. Afadhali mtu ashtuke kalamu ikiwa bado mezani.

Tukifika kwenye riba, “interest” inahitaji subira kidogo. Katika Ulaya ya zama za kati Kanisa lilikataza kutoza riba, iliyoitwa “usura”, ambayo kwa Kiingereza ikawa “usury”. Lakini wanasheria walikubali kwamba mkopeshaji aliyepata hasara, kwa mfano kwa kucheleweshewa pesa zake, anastahili fidia. Fidia hiyo ikaitwa “interesse”, neno la Kilatini lenye maana ya kuwa kati: tofauti iliyopo kati ya hali aliyo nayo mkopeshaji na ile ambayo angekuwa nayo. Polepole neno la fidia likachukua nafasi ya neno la riba, na “usury” ikabaki kwa riba iliyopita kiasi. Kuwa mwangalifu, maana neno hilihili lina kazi ya pili. Ukikuta “interest in the property”, halizungumzii riba hata kidogo. Ni haki au fungu la mtu katika mali. Nimewaona watu makini kabisa wakivichanganya viwili hivi ndani ya ukurasa mmoja.

Swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi linahusu taarifa ya benki: kwa nini mshahara ukiingia unaandikwa “credit”, nami ndiye niliyepokea? Kilatini “credere” ni kuamini, na “creditum” ni kitu alichokabidhiwa mtu kwa kuaminiwa. “Debitum” ni kinachowiwa. Ndiyo maana “debt” ina herufi b isiyotamkwa. Waingereza walikuwa wakiandika “dette”, kama Wafaransa, hadi wasomi walipoirudisha b ili ifanane na Kilatini. Sasa kumbuka kwamba taarifa ile imeandikwa kutoka upande wa benki. Pesa zako zikiingia, wewe ndiye uliyeiamini benki, nayo inawiwa na wewe. Ukitoa, deni la benki kwako linapungua, ikaandikwa “debit”. Ukilitazama hivyo utaona kwamba akiba yako ni deni unaloidai benki, na benki ikifilisika unapanga foleni pamoja na wadai wengine. Kwa hiyo ulizia bima ya amana katika nchi yako inalipa hadi kiasi gani, na kama una zaidi ya kiasi hicho, zigawe pesa zako katika benki zaidi ya moja.

“Asset” imetoka kwenye Kifaransa cha zamani “asez”, yaani vya kutosha. Ilikuwa lugha ya mirathi: je, marehemu ameacha mali ya kutosha kulipa madeni yake? Siku hizi neno limepanuka hadi mali yoyote yenye thamani, lakini swali lile la kale bado linafaa kila unapoambiwa kwamba kitu fulani ni asset. Kikiuzwa leo, kitalipa nini?

Mengine yanakumbukwa haraka. “Audit” ni kusikiliza, kwa kuwa zamani hesabu zilisomwa kwa sauti mbele ya mkaguzi. Nawashauri wote wafanye vivyo hivyo na hesabu zao, kwani sikio hukamata kosa ambalo jicho limelizoea. “Capital” imetokana na Kilatini “caput”, kichwa, nasi tuna rasilimali, ambayo kwa Kiarabu ni kichwa cha mali. “Tariff”, yaani orodha ya ushuru au bei, ni ndugu wa damu wa taarifa yetu, yote mawili yakiwa yametoka Kiarabu.

Usizibebe hadithi zote za asili ya maneno zinazosambaa. “Salary” kweli ina uhusiano na “sal”, chumvi ya Kilatini, lakini ile habari kwamba askari wa Roma walilipwa mshahara wa chumvi haina andiko lolote la kale linaloishuhudia. Na hata asili iliyothibitishwa haisimami mahakamani. Kinachokufunga ni maana iliyowekwa ndani ya mkataba wako. Tafuta sehemu yenye kichwa “Definitions”, yaani maana za maneno, mara nyingi iko mwanzoni. Kila neno lililoandikwa kwa herufi kubwa katikati ya sentensi, kama “Principal” au “Event of Default”, lirudishe pale ulisome. Lisipoelezwa, omba maelezo kwa maandishi, na jibu ulihifadhi pamoja na nakala yako ya mkataba.