Jani halichemshwi, linalowekwa: maswali yenu kuhusu shira

Wiki hii karibu kila swali lililonifikia linahusu shira ya majani, yaani sukari iliyoyeyushwa kwa maji, ikatiwa harufu ya nanaa, mrehani, tangawizi na kadhalika, kisha ikachujwa ili itumike kwenye vinywaji. Nimechagua machache.

Shikamoo shangazi. Nilichemsha nanaa pamoja na sukari kwa dakika 20 ili ladha iingie vizuri. Shira imetoka ya kahawia, tena chungu. Nimekosea wapi?

Marahaba mwanangu. Kosa ni hizo dakika 20. Harufu ya nanaa imo kwenye mafuta mepesi sana ya jani, na mafuta hayo hupaa na mvuke. Bila shaka jiko lako lilinukia vizuri siku hiyo. Basi ile harufu uliyoinusa ndiyo iliyotakiwa kubaki chupani.

Safari nyingine, weka gramu 200 za sukari na mililita 200 za maji kwenye moto mdogo. Koroga hadi usione punje hata moja na maji yawe maangavu, kisha epua. Acha itulie dakika mbili tatu. Chukua konzi mbili za majani yaliyooshwa, yapige kidogo kati ya viganja mpaka uanze kuyasikia puani, yatumbukize na ufunike. Mfuniko usiusahau: yale matone yanayojikusanya chini yake yana harufu pia, yarudishe sufuriani. Onja baada ya dakika 20. Ikikuridhisha, chuja, kama bado, iongezee dakika 10. Usiyakamue majani, maana ukikamua unatoa uchungu wote uliokuwa umejificha.

Na usitegemee kijani kibichi. Shira ya nanaa iliyopikwa vizuri huwa na rangi hafifu ya manjano. Anayetaka kijani cha kuvutia macho achovye majani kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 15, ayahamishie mara moja kwenye maji ya barafu, ayasage na shira iliyokwisha kupoa, kisha achuje kwa kitambaa. Inapendeza, ila rangi hiyo hufifia baada ya siku chache.

Kwa hiyo tangawizi nayo nisichemshe?

Tangawizi chemsha. Mizizi, magome na mbegu ni vigumu, havitoi kitu kwa kulowekwa tu. Kata tangawizi vipande vyembamba, iache itokote taratibu dakika 15 hadi 20. Mdalasini na iliki iliyopondwa ni vivyo hivyo. Mchaichai bonda ile sehemu nyeupe ya chini, dakika 10 zinatosha.

Rozmari na lavenda ndizo za kuogopa. Hizo loweka tu, tena kidogo: kitawi kimoja cha rozmari kwa kikombe kizima cha shira. Niliwahi kutia vitawi vitano kwa tamaa, nikapata kitu kinachonuka kama sabuni ya kusugulia sakafu. Wageni walikunywa kwa adabu tu.

Dada, napenda kinywaji kisicho kitamu sana. Naweza kupunguza sukari iwe nusu ya maji?

Unaweza, lakini jua unachokipoteza. Sukari hapa haileti utamu peke yake. Inayashika maji hata vijidudu vinakosa ya kutumia. Shira ya sukari na maji sawa kwa sawa, ikiwa imetiwa majani, mimi huimaliza ndani ya wiki mbili nikiiweka kwenye friji. Ile ya sukari mara mbili ya maji hudumu zaidi. Ukishuka chini ya sawa kwa sawa, ihesabu kwa siku. Ushauri wangu ni upike sawa kwa sawa halafu utie kidogo kwenye glasi. Inayozidi igandishe kwenye trei ya barafu, uwe unatoa kipande kimoja kimoja.

Chupa iwe ya kioo, ichemshwe dakika 10, na ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa taulo la jikoni umeirudishia uchafu wake.

Chupa yangu ina utando mweupe juu, chini bado ni safi. Nikiutoa utando je?

Mwaga yote. Utando, povu linalopanda lenyewe, harufu ya kuchacha: hakuna cha kuokoa hapo.

Na hii iliyoota mawe ya sukari chini ya chupa?

Hiyo haijaharibika. Ni nzito mno, na baridi ya friji imeifanya sukari ijitenge. Itie kwenye sufuria na maji vijiko viwili, ipashe moto hadi iyeyuke tena. Ukikamulia limau kidogo wakati wa kupika, tatizo hili hupungua sana.

Nilitia shira ya rosela kwenye maziwa baridi, yakakatika. Shira ilikuwa mbovu?

Shira ilikuwa nzima. Rosela ni chachu, na uchachu hukata maziwa. Iweke kwenye maji yenye gesi au chai baridi. Maziwa yaachie iliki na mdalasini. Kwa glasi ya mililita 250 anza na vijiko viwili vya chakula, na ukoroge kabla ya kutia barafu. Shira ni nzito kuliko maji, huzama. Usipokoroga, utakunywa maji matupu hadi funda la mwisho, ambalo litakushtua.

Nina mtoto wa miezi minane mwenye kikohozi. Nimtengenezee shira ya tangawizi kwa asali badala ya sukari?

Hapana, mama. Mtoto wa chini ya mwaka 1 hapewi asali kabisa, hata kijiko cha chai, kwa sababu inaweza kubeba vimelea vinavyotoa sumu ndani ya utumbo wake ambao bado ni mchanga. Kikohozi cha umri huo ni cha kupeleka kliniki.

Hata kwa wakubwa, shira si dawa. Kijiko kimoja cha chakula cha ile ya sawa kwa sawa kina takriban gramu 9 za sukari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linasema ni vizuri zaidi mtu mzima asizidi gramu 25 hivi kwa siku. Glasi moja ya vijiko viwili imeshakula sehemu kubwa ya hiyo.

Baada ya kuchuja, yale mabaki natupa?

Majani, ndiyo, yameshatoa kila kitu. Vipande vya tangawizi usithubutu. Vitandaze kwenye waya vikauke usiku kucha, asubuhi vigaragaze kwenye sukari kavu, uvifungie kwenye kopo. Kwangu havifiki jioni.