Ukuta wa CLT: paneli moja ndefu au vipande?

Swali: Mhandisi, shikamoo. Niko Seattle, nasanifu jengo la mbao la ghorofa 3. Kuta za kukinza nguvu za mlalo ni za CLT, yaani paneli za mbao zilizogundishwa matabaka yakikingamana. Ukuta mmoja una kimo cha mita 3 na urefu wa mita 6. Mwenzangu anataka paneli moja nzima ili tuokoe vyuma, lakini kanuni zinataka tuikate. Kwa nini nikate kitu kizima?

Jibu: Marahaba. Mwenzako hesabu yake iko sawa. Tuseme nguvu ya mlalo ni kN (kilonewtoni) 90 juu ya ukuta, na uzito unaoukalia ni kN 10 kwa kila mita. Nguvu hiyo inataka kuupindua kwa 90 × 3, yaani kNm 270 (nguvu mara umbali wake). Paneli nzima haipinduki mpaka inyanyue kN 60 zote, kitovu chake kikiwa mita 3 kutoka pembe inayokanyaga: kNm 180. Zinabaki 90. Gawa kwa mita 6, kishikio cha pembeni, yaani chuma kinachoufunga ukuta chini usinyanyuke, kinavutwa kwa kN 15 tu.

Sasa kata vipande 4 vya mita 1.5. Kila kipande kinazungukia pembe yake, kwa hiyo uzito wote unasaidia kNm 45 tu. Zinabaki 225. Kishikio na maungio matatu ya wima yakigawana sawa, kila kimoja kinabeba kN 37.5, mara mbili na nusu ya awali. (Nimerahisisha: mbao halisi hubonyea kidogo pale pembeni.)

Kwa upepo, ningekaa upande wake. Lakini Seattle ni mji wa matetemeko, na hapo ukuta hauokolewi na nguvu peke yake. CLT ikisukumwa kwa urefu wake karibu haipindiki, na ikizidiwa hupasuka ghafla. Kinachoweza kupinda, kurudi na kupinda tena ni msumari wa kwenye maungio. Paneli ndefu huelekea kuteleza. Vipande vyembamba huyumba, na kila ungio linalosuguana linakula nishati ya tetemeko. Oktoba 2007, huko Miki, Japani, watafiti wa Italia walilitikisa jengo la CLT la ghorofa 7 kwa mtetemo wa Kobe wa 1995, likabaki wima.

Kanuni za Marekani zinataka kimo kiwe mara 2 hadi 4 ya upana wa kipande. Vyako viko kwenye 2, basi, kwa kuwa maungio yanakula nishati, nguvu ya tetemeko ya kusanifia unaigawa kwa 3. Ukikata vyote kwa mita 0.75 utagawa kwa 4, ila maungio yatakuwa saba. Mimi ningebaki na mita 1.5.

Jihadhari na fundi anayeongeza misumari kwenye maungio ya wima “kwa usalama”. Ataurudisha ukuta kuwa paneli moja, na bolti zinazoufunga kwenye zege ndizo zitakazong'oka kwanza. Hizo bolti zisanifu kwa nguvu kubwa kuliko misumari inavyoweza kuvuta, si kwa kN 37.5.