Tairi la spea kwa nje nyuma lilianzia wapi?

SWALI: Kaka habari za kazi. Nimeona picha ya gari la Kimarekani la zamani, spea tairi imesimamishwa nyuma ya buti kwa nje, imevishwa kava la rangi ya gari, aisee nimeipenda mno. Ilianzia wapi? Na fundi wangu anasema anaweza kunichomelea stendi nyuma ya gari langu la saluni niweke na mimi, nikubali?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Salama ndugu yangu. Haikuanza kama urembo kabisa. Magari ya mwanzo yalikuwa hayana spea, ukipata pancha unashuka unabandua tairi palepale barabarani unaziba, na enzi za farasi misumari ya kwato ilikuwa imejaa njiani. Mwaka 1904 Thomas Morris Davies wa Llanelli kule Wales akatengeneza rimu isiyo na spoku, tairi lake limeshajazwa upepo, unaibana tu kwenye gurudumu lenye pancha unaondoka zako. Ikaitwa Stepney, jina la mtaa alikokuwa na karakana, na Wahindi mpaka leo spea wanaiita stepni. Baadaye spea ikakaa nyuma au kwenye madigadi ya mbele, mabuti yalipokuwa makubwa ikaingizwa ndani.

Sasa 1938 Edsel Ford, mtoto wa Henry Ford, akamwambia mchoraji wake Bob Gregorie amtengenezee gari lake mwenyewe la kwenda nalo mapumzikoni Florida, liwe na sura ya Ulaya. Wakachukua Lincoln-Zephyr wakaishusha chini, spea ikasimama wima nyuma, na hapo ndipo ilipozaliwa Lincoln Continental. Kwangu mimi hiyo ndiyo nzuri kuliko zote maana ndani ya lile kava kuna tairi kweli. Miaka ya 1950 kila mtu akaitaka, vikauzwa vifaa vya kufunga kwenye gari lolote na jina likawa hilohilo la Continental, mpaka Imperial ya 1957, gari la kampuni ya Chrysler, ikaja na duara la bati tu juu ya buti, tairi hamna. Hiyo inaniuma.

Ila kabla hujamjibu fundi wako sikia ya Ford Thunderbird. Ya 1955 spea ilikuwa ndani ya buti ikala nafasi ya mizigo, 1956 wakaitoa nje, ukitaka kufungua buti unailaza tairi nyuma kwanza ndo mfuniko unyanyuke. Lakini uzito wote ule ukawa unaning'inia nyuma ya ekseli, usukani ukaharibika utulivu, 1957 wakarefusha buti wakairudisha ndani. Na hao ni Ford wenyewe, wana mainjinia!

RAV4 unazoziona na tairi mlangoni zimeundwa hivyo tangu kiwandani, bawaba na fremu ya mlango vimepigiwa hesabu ya huo uzito. Saluni yako haijapigiwa, na hapo bado hujafikiria namba ya gari itakayofunikwa. Mwambie fundi hapana, kama shida ni buti dogo funga keria juu, mizigo myepesi iende huko na spea ibaki ndani.