Hadithi ya zamani si kosa: jinsi ninavyochagua filamu siku hizi

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakutana kwangu, watu sita au saba, kuangalia filamu. Utaratibu huu una miaka mingi, na mwaka juzi ulikaribia kufa. Hatukugombana. Tulichoshwa tu na kutafuta. Rimoti inazunguka mkono kwa mkono, mabango yanapita kwenye skrini, hii ni sehemu ya tatu, ile ni sehemu ya saba, nyingine ni ya zamani imepigwa upya, na baada ya dakika arobaini lazima mmoja atamke: "Hawa Wamarekani wameishiwa." Wote tunaitikia. Halafu tunaweka ileile tuliyokuwa tunailaumu.

Ninaipenda filamu tangu utotoni na iliniuma kuona burudani yangu kubwa imegeuka kikao cha malalamiko. Nikaamua kujiuliza tunalalamikia nini hasa. Majibu niliyopata yamebadilisha namna ninavyochagua cha kuangalia, na pengine yatakufaa na wewe.

Lalamiko lenyewe lina msingi. Chukua filamu kumi zilizoingiza fedha nyingi zaidi duniani mwaka 2019. Hakuna hata moja iliyotungwa upya kuanzia mwanzo kwa ajili ya sinema. Zote ni mwendelezo, marudio, au wahusika waliokwisha kujulikana kwenye vitabu vya katuni. Ndiyo mabango uliyoyaona mjini mwaka ule, na ndiyo flashi zilizojazwa madukani.

Lakini kurudia hakujaanza jana. Ben-Hur ya mwaka 1959, iliyozoa tuzo 11 za Oscar, ilikuwa imekwisha kutengenezwa mwaka 1925, na kabla ya hapo mwaka 1907. Wazee wetu wanaosema "zamani ndiyo kulikuwa na picha" mara nyingi wanazisifu picha ambazo zenyewe zilikuwa marudio. Kwa hiyo kama kurudia ndiyo dhambi, basi Hollywood ni mwenye dhambi tangu kuzaliwa. Nikahisi tatizo liko mahali pengine, na mahali hapo nilipakumbuka kutoka kibanda umiza, yaani ukumbi wetu wa video wa mtaani.

Nilikulia Morogoro. Kibanda chetu kilikuwa cha mabati na turubai, benchi za mbao zisizo na egemeo, TV ya chogo juu ya kabati, deki chini yake, na pembeni kiti cha mtafsiri na kipaza sauti chake. Kiingilio kilikuwa shilingi 100, baadaye 200. Kulikuwa na watafsiri wawili waliopokezana siku. Wiki moja niliingia mara tatu kuangalia picha moja ya Kichina, kanda ileile, yenye mstari mweupe uleule uliokuwa ukipita katikati ya skrini kila inapofika sehemu ya mvua. Mtafsiri wa kwanza aliifanya hadithi ya kisasi. Steringi alikuwa kijana wa Kihonda, palepale Morogoro, aliyedhulumiwa shamba, na kila ngumi ilikuwa na sababu. Mtafsiri wa pili hakushughulika sana na ngumi. Alimchukua yule mama anayeonekana mara mbili tu mlangoni, akampa maneno, akampa dua za kumwombea mwanawe, na steringi alipoanguka mwishoni, kibanda kizima kilinyamaza kwa sababu ya mtu ambaye kwenye filamu yenyewe karibu hana maneno. Nilitoka pale nikiwa na miaka kumi na moja au kumi na mbili, koo limenikaba, na ilhali nilikuwa nimeiona picha hiyo juzi yake tu.

Bibi naye alikuwa hivyo. Sungura na fisi walikuwa walewale kila usiku, na hakuna mjukuu aliyewahi kumwambia ameishiwa. Tulimsubiri tuone leo fisi atakuwaje kinywani mwake.

Ukitaka mfano mkubwa zaidi, mwangalie Mwalimu Nyerere. Mwaka 1969 alitoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare iitwayo The Merchant of Venice, yaani mfanyabiashara wa Venisi, na akaiita Mabepari wa Venisi. Hadithi ni ya mtu mwingine, tena ya karne nyingi nyuma, lakini kwa neno moja tu la kwenye jalada unajua nani anasimulia, yuko wapi, na ni miaka gani. Hicho ndicho ninachokitafuta kwenye filamu sasa. Siulizi tena kama hadithi ni mpya. Nauliza kama kuna mtu ndani yake anayesimulia.

Somo hili lilinikaa vizuri mwaka 2019, nilipompeleka mpwa wangu sinema kuangalia toleo jipya la The Lion King. Tulikuwa tumeangalia pamoja lile la mwaka 1994 mara nyingi mno nyumbani. Sisi Waswahili tuna jicho letu kwenye filamu ile, maana Simba, Rafiki, Pumbaa ni maneno yetu, na "hakuna matata" watu wa pwani walikuwa wakiiimba kabla ya Simba huyo kuchorwa. Wimbo wa Jambo Bwana wa Them Mushrooms wa Kenya ulitoka mwaka 1982. Basi tukakaa. Matukio mengi yalikuja kwa mpangilio tuliouzoea. Hata sauti ya Mufasa ilikuwa ya James Earl Jones yuleyule. Tulipofika pale Simba mdogo anapojaribu kumwamsha baba yake, nikajiandaa, maana pale ndipo mpwa wangu hulia kila mara. Safari hii aliangalia kimya, halafu akanivuta shati: "Mjomba, mbona Simba hahuzuniki?"

Nikaangalia tena. Ni kweli. Kwenye ile ya kuchorwa, nyusi zinapanda, mdomo unatetemeka, macho yanajaa machozi, kisha anajisogeza chini ya mkono wa baba yake uliolegea. Kwenye ile mpya walitengeneza simba wa kompyuta aliyefanana kabisa na simba wa Mikumi, na simba wa Mikumi hana nyusi za kulilia. Kazi ya ufundi ilikuwa kubwa, sitaibeza. Filamu iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6. Ila mimi niliondoka na hisia kwamba nimesomewa hadithi na mtu asiyekuwepo. Na usisahau kwamba hata ile ya 1994 inajulikana kwa kufuata mifupa ya Hamlet, tamthilia ya Shakespeare: mjomba anayemuua mfalme na mwana anayetakiwa kurudi. Ilikuwa ni marudio pia, lakini waliirudia kwa moyo.

Kwa nini basi studio kubwa zinapenda kurudia kwa namna hii? Ni hesabu. Filamu ikigharimu dola milioni 200 kuitengeneza, bado hujalipia matangazo, na majumba ya sinema nayo yanabaki na sehemu kubwa ya kila tiketi. Mwenye fedha anataka jina ambalo mtu wa Beijing, wa São Paulo na wa Dar es Salaam atalitambua bila kuelezwa. Zamani filamu ya bajeti ya kati iliyosuasua sinema ilikuwa na maisha ya pili kwenye DVD. Mauzo hayo yaliposhuka, zikawa za kwanza kukosa mfadhili. Juu ya hapo studio zikamezana. Disney peke yake ilinunua Pixar mwaka 2006, Marvel 2009, Lucasfilm 2012 na sehemu kubwa ya Fox mwaka 2019. Meza za kukubali au kukataa mswada zimepungua. Waandishi wamo na hadithi wanazo, ila hawapewi lile bango kubwa la barabarani.

Sasa nifanyavyo mimi.

Jambo la kwanza nililolibadilisha ni swali la kuanzia. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi kwenye duka la kukodisha kanda kwa karibu miaka mitatu. Wateja waliuliza steringi ni nani, wanapigana au hawapigani, imetafsiriwa au haijatafsiriwa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nani kaandika, na mimi mwenyewe sikuwa najua. Leo kabla ya kuweka filamu natafuta majina mawili, mwandishi na mwongozaji, na filamu ikinigusa nafuata majina hayo kama mtu anavyofuata fundi mzuri wa nguo. Ryan Coogler ni mfano mzuri. Mwaka 2015 alitengeneza Creed, ambayo ukihesabu ni ya saba kwenye ukoo wa Rocky, zile filamu za bondia. Kwa kanuni ya "wameishiwa" ungeipita. Lakini alimchukua kijana ambaye baba yake alikufa kabla hajazaliwa, akamweka katikati, na yule bondia wa zamani akawa mzee mgonjwa wa kando. Baadaye akafanya Black Panther, na mwaka 2025 akaja na Sinners, hadithi yake mwenyewe tangu mwanzo, na kwenye mkataba akadai haki za filamu zirudi kwake baada ya miaka 25. Mtu mmoja, mwendelezo na hadithi mpya, na sauti yake unaitambua kote.

La pili ni orodha ambayo iko wazi kwa kila mtu na wengi hawaitumii. Tuzo za Oscar zina mafungu mawili ya uandishi: mswada uliotokana na kitabu au kazi nyingine, na mswada uliotungwa kwa ajili ya filamu yenyewe. Kila mwanzo wa mwaka wanatangaza filamu tano za fungu hilo la pili. Ninaziandika kwenye daftari, zote tano, hata zile ambazo hazitashinda. Ukirudi nyuma miaka kumi tu una filamu hamsini, na hapo hujagusa hata moja ya wahusika wa vitabu vya katuni. Ndiko nilikoipata Get Out ya Jordan Peele, iliyotengenezwa kwa takriban dola milioni 4.5 na kuingiza zaidi ya milioni 250, na ndiko nilikoipata Parasite ya Korea Kusini. Tahadhari moja: soma umri unaoruhusiwa kwanza. Anora, iliyoshinda fungu hilo mwaka 2025, si ya kuangalia na watoto wala wakwe.

La tatu linahitaji jioni mbili. Ukisikia filamu ni marudio, tafuta ile ya mwanzo uiangalie kwanza. Tulifanya hivi na Infernal Affairs ya Hong Kong ya mwaka 2002, kisha wiki iliyofuata The Departed ya Martin Scorsese ya mwaka 2006, iliyopewa tuzo ya filamu bora. Polisi kajificha kwa wahalifu, mhalifu kajificha kwa polisi, mifupa ni ileile. Sitasema miisho, lakini haifanani, na usiku ule tuliketi hadi saa saba tukibishana mwisho upi ni wa haki. Mmoja wetu, mwalimu, alisema ule wa Hong Kong unamwachia mtu dhamiri yake na ule wa Scorsese unawaacha watazamaji waridhike. Mimi bado sikubaliani naye.

Na hapo ndipo penye mabadiliko makubwa kwenye Jumamosi zetu. Tumejiwekea sharti: hakuna ruhusa ya kusema "mbovu" au "kali" bila kusimulia tukio moja. Ukisema mbovu, tuambie pale ulipochoka, nani alikuwa anasema nini, kamera ilikuwa wapi. Mwanzoni ilikuwa ngumu. Watu waligundua kwamba walikuwa wanarudia maoni waliyoyasoma mahali. Sasa mtu anaangalia filamu akijua ataulizwa, na anaangalia kwa macho mengine. Nakushauri ulijaribu sharti hili hata kwenye kundi la WhatsApp. Litapunguza matusi, na litakuonyesha nani kweli aliiona filamu.

Usibaki Marekani tu pia. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, imetokana na riwaya ya Adam Shafi ambayo wengi tuliisoma shuleni. Niliijua hadithi yote na bado nilikaa ukingoni mwa kiti, kwa jinsi alivyozitumia taa na vichochoro vya Mji Mkongwe. Ukipata nafasi ya kwenda Zanzibar wakati wa tamasha la filamu la ZIFF, nenda. Kukaa chini ya nyota pale Ngome Kongwe na watu wasiokujua, wote mkicheka mahali pamoja, kulinirudisha kwenye benchi za Morogoro.

Yule rafiki yetu aliyekuwa wa kwanza kila mara kusema wameishiwa, mwezi uliopita alikuja na tukio lake. Ni kutoka Sinners, Mississippi ya mwaka 1932, kijana anaimba blues ndani ya klabu ya mbao, na muziki unapopanda wanaingia kati ya wachezaji watu ambao hawajazaliwa na watu waliokufa zamani: mpiga gitaa la umeme, DJ na mashine zake, wacheza ngoma wa Afrika Magharibi, wote chini ya paa moja, na paa linashika moto. Alisimama kulisimulia. Alionyesha kwa mikono kamera inavyopita katikati ya watu, akahama kutoka kwenye kochi hadi mlangoni, na wawili wetu ambao hatukuwa tumeiona tukamwomba arudie pale pa ngoma.

Jumamosi ijayo zamu ya kuchagua ni yake.