Jirani kaomba kugeuza kiwanja kuwa gereji: kabla hamjapeleka karatasi ya sahihi

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Kwa wanaoingia sasa hivi: jamaa anaishi mtaa wa makazi, jirani wa nyuma yake kaomba halmashauri imruhusu kugeuza kiwanja kiwe gereji. Tangazo limebandikwa getini, zimebaki siku 11 za kupokea maoni, na mtaa umeshaanza kukusanya sahihi za kupinga. Anauliza kama sahihi 60 zinatosha.

Hazitoshi, na hata zikifika 200 hazitatosha. Nasema hivyo kwa sababu yaliyokukuta mimi yamenikuta mara mbili. Mara ya kwanza nilishindwa vibaya. Mara ya pili sikushinda kwa maana ya kumzuia mtu, ila nalala usingizi.

Nianze na ile ya kushindwa. Mtu alinunua nyumba tunayopakana nayo ukuta kwa ukuta, akaomba kufungua karakana ya kuchomelea vyuma. Tukaandika barua moja kali, tukatoa nakala, kila kaya ikatia sahihi yake. Barua 41. Siku ya kikao tukajaa ukumbini, wengine wamesimama. Afisa mipango miji akafungua jalada akasoma kama mtu anayesoma orodha ya vifaa vya stoo: "Zimepokelewa barua 41 zenye hoja moja." Niliona kama kuna mtu kanifutia majirani 40 kwa mpigo.

Nikapewa dakika tatu. Nikazimaliza kueleza kwamba yule bwana ni mjeuri, hasalimii watu, na kwamba nyumba zetu zitashuka thamani. Mwenyekiti alinisikiliza kwa adabu zote, kalamu imelala mezani.

Kibali kikatoka na masharti manne ya jumla jumla. La kelele lilisema mwombaji "ahakikishe kelele haziwi kero". Basi. Wiki ya tatu jamaa akaleta kompresa. Kiwanja kile kina kona nne. Akaiweka kwenye ile iliyo hatua tatu kutoka dirisha la chumba cha wanangu. Nikaenda kulalamika, ofisa akanigeuzia karatasi nisome mwenyewe: hakuna palipoandikwa kompresa ikae wapi. Na pangeandikwaje? Watu 41 tulisema "hatutaki", hakuna hata mmoja aliyewaambia kwamba pale kuna dirisha.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwa nini kalamu ya mwenyekiti ililala. Mahali pengi kibali cha aina hii kinafuata kiwanja, hakimfuati mtu. Jirani wako akiuza kesho, mnunuzi anarithi ile ruhusa. Sasa ujeuri wa mwenye nyumba una uzito gani hapo? Hali kadhalika hofu ya bei ya nyumba yako: Uingereza, kwa mfano, kushuka kwa thamani ya nyumba ya jirani au kuzibiwa mandhari unayoyaona dirishani kwa kawaida havihesabiwi kabisa kama hoja za mipango. Kinachohesabiwa ni kile ambacho matumizi mapya yatakifanya juu ya ardhi na watu wanaoizunguka: kelele, moshi, magari, maji, mwanga, usalama wa barabara.

Na mambo haya ndiyo yaliyoanzisha mipango miji yenyewe. New York walitunga sheria yao ya kugawa mji kwa matumizi mwaka 1916, mwaka mmoja tu baada ya jengo la Equitable kukamilika na kutupa kivuli kizito juu ya mitaa ya jirani. Mwaka 1926 Mahakama Kuu ya Marekani, kwenye kesi ya kijiji cha Euclid, ikakubali kwamba mji unaweza kutenga viwanda na biashara mbali na makazi. Uingereza wakaenda mbali zaidi kwa sheria ya 1947: kumiliki ardhi hakukupi tena haki ya kuiendeleza utakavyo, lazima uombe. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeanza kwa kuuliza jirani anasalimia au hasalimii.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla ya sahihi, ni kwenda kusoma jalada. Lisome lote, tangazo la getini halitoshi. Tangazo lina mistari mitano, jalada lina michoro. Angalia kwanza anaomba nini hasa: kibali cha kujenga, au kubadilisha matumizi ya ardhi, au vyote viwili. Watu wengi huchanganya, na waombaji wajanja wanajua kwamba wanachanganya. Wanaomba kibali cha "stoo" halafu stoo inaanza kutengeneza magari. Kisha angalia mpango wa eneo unasemaje kuhusu kiwanja kile. Kama mpango hauruhusu gereji pale, una hoja ya msingi, ianze nayo ukurasa wa kwanza. Kama unairuhusu kwa masharti, basi swali la "iwepo au isiwepo" limeshajibiwa nusu kabla hujafika, na nguvu zako zipeleke kwenye "iweje".

Hapo ndipo ninapotofautiana na waliokujibu juu. Wengi wanakwambia mkomae na "hapana". Mimi nasema peleka "hapana" ukiwa na sababu ya kimipango, lakini mkono wa pili ushike karatasi ya masharti unayoyataka. Madiwani wakikataa ombi kwa sababu tu ukumbi umejaa watu wenye hasira, mwombaji anakata rufaa, anashinda, na anarudi na kibali ambacho nyinyi hamkuchangia hata nukta.

Mara ya pili ilikuwa ukumbi wa sherehe, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Safari hii sikuzunguka na karatasi ya sahihi. Nilikwenda ofisi za halmashauri nikaomba kuona mchoro, nikakaa nao karibu saa mbili. Mchoro ulionyesha nafasi 30 za kuegesha magari. Ukiutazama haraka unapendeza, vijisanduku vimepangwa kama sabuni dukani. Nikavihesabu na kuangalia vipimo: kila kimoja mita 2.5 kwa mita 5, sawa, hakuna tatizo. Tatizo lilikuwa vijisanduku saba vimechorwa juu ya shimo la maji taka na vingine sita vimepangwa nyuma ya vingine, yaani gari la ndani halitoki mpaka la nje liondoke. Nikapima upana wa barabara kwa tepu, kijana wa jirani kashika ncha ya pili. Ukitoa hizo 13 zinabaki nafasi 17, kwa ukumbi ulioombewa wageni 250. Wengine waegeshe wapi? Mbele ya mageti yetu.

Kitu cha pili kilikuwa mshale mdogo wa buluu kwenye kona ya mchoro, umeandikwa "kwenda mtaro wa barabara". Mkuu, barabara ile haina mtaro. Haijawahi kuwa nao. Nikasubiri mvua, nikapiga picha tatu za maji yalivyosimama palepale mshale unapoelekea.

Barua yangu ilikuwa kurasa mbili. Majirani wanne tu waliandika, kila mmoja lake na kwa maneno yake: mmoja usiku na watoto wa shule, mmoja kona ya barabara ambapo dereva haoni anayekuja, mmoja vyoo, mimi magari na maji. Siku ya kikao afisa mipango alisoma hoja zote tano, moja moja, na mwenyekiti safari hii aliinua kalamu. Wakaahirisha uamuzi wakaja kuona eneo. Diwani mmoja alisimama juu ya mfuniko wa lile shimo akiwa na mchoro mkononi, akauliza: "Hapa ndipo gari namba ngapi?" Mchoraji wa mwombaji akatazama viatu vyake.

Hawakukataa. Ukumbi upo hadi leo. Ila wageni wameshushwa hadi 120, muziki mwisho saa 4 usiku, milango ya upande wa makazi inafungwa muziki unapopigwa, maji ya paa yanaingia kwenye tangi na shimo la kunyonya ndani ya kiwanja chake, na ruhusa ilikuwa ya mwaka mmoja wa majaribio kwanza. Vitatu kati ya hivyo vilitoka kwenye zile kurasa mbili karibu neno kwa neno. Ofisa ana majalada mengi mezani. Ukimletea sharti lililoandikwa vizuri unampunguzia kazi.

Kuandikwa vizuri maana yake lipimike. Uingereza wana vipimo sita vya sharti la kibali: liwe la lazima, lihusu mipango, lihusu ujenzi au matumizi yanayoombwa, litekelezeke, liwe bayana, na liwe la haki. Hata kama unaishi kwingine, vitumie kama chujio. "Apunguze kelele" halipiti. "Kompresa na mashine za kusaga zikae upande wa barabara, ndani ya chumba chenye kuta za tofali, zisiwashwe kabla ya saa 2 asubuhi wala baada ya saa 12 jioni, na Jumapili zisiwashwe" linapita, maana mtu yeyote mwenye saa na macho anaweza kusema limevunjwa au halijavunjwa.

Kwa gereji yako, ningetazama haya kabla ya mengine. Mafuta machafu: yanakusanywa kwenye nini, nani anayachukua, na kama maji ya kuoshea magari yanapita kwenye shimo la kutenganisha mafuta kabla ya kutoka nje. Hili ndilo jambo zito kuliko yote, hasa kama kuna visima karibu, na cha ajabu ndilo watu wanalolisahau wakihangaikia kelele. Kupiga rangi: kama anapulizia, iwe ndani ya chumba chenye feni na vichujio au asipulizie kabisa. Halafu magari mabovu. Gereji haijai magari yanayotengenezwa, inajaa magari yanayosubiri spea. Dai idadi ya mwisho ya magari ndani ya kiwanja na marufuku ya kuegesha hata moja barabarani. Geti lenyewe liangalie pia, kama lori la kuvuta magari linaweza kugeuka bila kupanda uwanjani kwa mtu.

Kuhusu diwani wenu. Umesema ameshawaahidi kwamba "hilo ombi halipiti". Namshukuru kwa moyo wake, lakini mwambieni anyamaze. Anayekaa kwenye kikao cha kuamua anatakiwa aingie akiwa tayari kusikia pande zote. Akitangaza uamuzi wake mtaani kabla ya kikao, anampa wakili wa mwombaji hoja ya upendeleo bure, na anaweza kulazimika kukaa pembeni siku ile mnayomhitaji. Mwombeni awasaidie kupata nafasi ya kuzungumza na ziara ya kuona eneo. Hivyo viwili vina thamani kuliko ahadi.

Wakili? Kwa hatua hii sioni haja, isipokuwa kama kuna mgogoro wa mpaka au hati. Heri fedha hiyo mumpe mpima ardhi kwa nusu siku.

Siku 11 zilizobaki zichukulie kwa uzito, kwa sababu kuna nchi ambako ukikaa kimya sasa unafunga mlango wa baadaye. Ayalandi jirani anaruhusiwa kukata rufaa dhidi ya kibali, lakini kwa kawaida lazima awe aliwasilisha maoni tangu mwanzo. Uingereza jirani hana rufaa ya kawaida kabisa, kilichobaki kwake ni kwenda mahakamani kupinga utaratibu uliotumika. Kenya, sheria ya 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi inampa mwombaji au mtu mwenye maslahi siku 14 tangu uamuzi kutolewa kupeleka rufaa kwenye kamati ya kaunti. Ulizia ya kwenu kaunta ileile utakapoenda kusoma jalada, na barua yako ukiipeleka hakikisha nakala inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mimi ya kwanza niliiacha kwa mlinzi.

Zile sahihi 60 msizitupe. Ziambatanisheni nyuma ya barua tatu au nne tofauti, zionyeshe tu kwamba walioandika hawako peke yao.

Na kibali kikitoka, nunua daftari. Tarehe, saa, kilichotokea, basi, bila matusi. Ukumbi wa kwetu ulivuka saa 4 usiku mara sita kwenye ule mwaka wa majaribio. Tulipopeleka daftari na zile tarehe sita, meneja aliitwa ofisini, na tangu hapo spika zinazimwa saa 3 na dakika 50. Ile kompresa ya karakana, kwa upande mwingine, iko palepale. Wanangu walihamishiwa chumba cha mbele.

Ukipata mchoro weka picha hapa, ila ziba jina na namba ya kiwanja cha jirani. Nitakuhesabia maegesho.