Ushauri kwa Wanaohama Mombasa Kukifuata Kifaransa

Wadogo zangu mnaofunga virago kwenda kuishi penye Kifaransa, mji wenyewe upimeni kwanza. Wengi wetu huchagua Bujumbura kule Burundi au Lubumbashi kule Kongo ya Kinshasa, kwa kuwa Ulaya ni mbali na ni ghali. Huko Kifaransa ni lugha ya ofisi na darasa, lakini katika mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, au katika masoko ya Lubumbashi, Kiswahili kimeenea mno. Mtu wa Mombasa hupokewa kwa ukarimu na kujibiwa kwa lugha yake, na mwaka huweza kwisha Kifaransa chake kikiwa palepale.

Sisemi msiende. Nasema mpange mapema mtakaa na nani na mtafanya kazi gani, na mwondoke mkiwa mmekwisha kufika angalau ngazi ya A2, yaani ya pili kati ya ngazi sita za kujifunza lugha, jambo linalowezekana hapahapa Mombasa katika madarasa ya Alliance Française. Nyumba yenye mtoto wa shule ni bora kuliko chumba cha peke yako: anaposomewa imla, keti kando yake uandike naye. Sisi tumezoea kuandika kile tunachokisikia, ilhali Kifaransa huandika parle, parles na parlent, maumbo ya kitenzi cha kusema, na zote tatu hutamkwa sawasawa. Mazungumzo ya barazani hayatakufundisha tofauti hiyo hata ukae miaka. Mkono ndio utakaoizoea, kosa kwa kosa, na ndiyo maana mimi huipa imla uzito mkubwa kuliko zoezi lolote jingine.

Tena mtihani wa DELF, ule wa cheti rasmi cha Kifaransa, una alama 100, yaani 25 kwa kila moja ya stadi nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Kufaulu ni kupata 50, lakini aliyepata chini ya 5 katika stadi moja huanguka hata kama jumla yake inatosha. Vyuo vikuu vingi vya Ufaransa hudai ngazi ya B2, iliyo juu ya A2 kwa hatua mbili.

Bei nazo zisikilizeni kwa makini, kwani Burundi na Kongo 70 huitwa septante na 90 nonante, kama Ubelgiji, wala si kama vitabu vya Ufaransa.

Mwenyeji wako mwombe siku ile ile ya kufika azungumze nawe Kifaransa tu na akusahihishe bila kukuonea haya, kwa sababu watu wakishazoeana kwa Kiswahili, kuibadili lugha ya nyumba huwa kazi ngumu kwa pande zote mbili.