Kidude cha Redio, Meli za Kilindini na Wi-Fi ya Ploti

SWALI: Nimenunua kidude cha RTL-SDR, yaani kipokea mawimbi ya redio cha kuchomeka kwenye kompyuta. Nakaa Likoni, nataka kufuatilia meli zinazoingia Kilindini na kusikiliza marubani wa ndege. Navunja sheria? Na je, naweza kunasa Wi-Fi ya ploti yetu nione kama ni salama?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Mawimbi yanakufikia bila kuombwa, lakini ujumbe uliomo una mwenyewe.

Anza na AIS, mfumo wa meli kujitambulisha kwa redio. Meli hutangaza jina, mahali na mwendo wake kwa yeyote aliye karibu, kwenye megahezi 161.975 na 162.025, ili zisigongane. Simamisha waya wa sentimita 46 hivi, yaani robo ya wimbi. Ukikosa kitu, tazama geini, yaani kiwango cha kukuza mawimbi: wengi huipandisha hadi mwisho, kisha stesheni za FM za mjini zikakilemea kidude. Ishushe, au weka kichujio cha kuzuia megahezi 88 hadi 108 za FM.

Sauti za marubani (megahezi 118 hadi 137, kwa AM) na za manahodha kwenye chaneli 16 ya redio za meli ni mazungumzo ya watu. Marekani sheria inaruhusu kuyasikiliza. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2006, kusikiliza tu ujumbe usiokuhusu ni kosa, hata usipomwambia mtu. Kwa hapa, iandikie Mamlaka ya Mawasiliano (CA) kwanza, na jibu lao ulihifadhi.

Wi-Fi kidude chako hakiifikii: kinaishia karibu megahezi 1,766, yenyewe huanzia 2,400. Kadi ya laptopu inaweza, na hapo tunakuomba usiguse. Kwa kunasa data bila idhini, kifungu cha 17 cha sheria ya Kenya ya makosa ya kompyuta ya 2018 kinataja faini hadi shilingi milioni 10, jela hadi miaka 5, au vyote viwili. Usitegemee utetezi kwamba Wi-Fi ilikuwa wazi: Google, ambayo magari yake ya kupiga picha mitaani yalinasa data za majumbani, iliutoa Marekani, na mahakama ya rufaa ikaukataa mwaka 2013.

Wasiwasi wako lakini una msingi. Kwenye WPA2, aina ya ulinzi wa Wi-Fi, mpangaji anayejua nenosiri la wote, akiinasa simu yako inapojiunga, anaweza kuifungua trafiki yako. HTTPS, usimbaji wa tovuti, huficha ulichoandika, ila jina la tovuti mara nyingi huonekana. Mwombe mwenye ruta awashe WPA3, ulinzi mpya zaidi, peke yake; akiacha mchanganyiko wa WPA2 na WPA3, simu za zamani zitaendelea kuingia kwa WPA2.